Kabla Hujachagua Baiskeli Njombe

Makambako, jioni

Mwanangu Zakaria,

Barua hufunguliwa kwa kuulizana hali, lakini hali yako naisikia kutoka hapa nilipoketi. Uko uani na mama yako, mnafunga mzigo na mnacheka, na nadhani mnanicheka mimi. Mna haki. Asubuhi nilisema sina la kukuambia, na tangu saa ile nimezunguka nyumba hii kama kuku anayetafuta pa kutaga. Nimekwenda kuangalia kama kweli lori la mwenye duka, litakalokuchukua kesho, limepata tairi. Limepata. Nimerudi, nimetazama mawingu ya upande wa Njombe, nimeingia, nimetoka tena. Mwisho mama yako akaniambia, "Baba Zakaria, keti au ondoka, chagua moja." Basi nimeketi na kalamu yako.

Barua hii nitaificha ndani ya sweta lako, utaikuta baridi ya Njombe itakapokushika. Habari za kula vizuri, kusali na kutolala na nguo mbichi sitaziandika. Mama yako amekwisha kuzisema zote, na kesho atazirudia mpaka dereva apige honi. Mimi nataka tuzungumze juu ya baiskeli.

Uliposema likizo yako ya mwisho kabla ya kwenda kufundisha kule Songea utaitumia kupanda milima ya Ukinga, ukaone ziwa Nyasa kutoka juu, mimi nilinyamaza. Enzi zetu mtu alipanda milima ile kwa sababu ameoa huko, au ana kitu cha kuuza, au anamkimbia karani wa kodi. Kupanda ili kutazama tu, hilo mmelileta ninyi mliosoma. Lakini sikunyamaza kwa sababu hiyo. Nilinyamaza kwa sababu ulisema, "Nitakodi baiskeli Njombe," tena ukasema kwa wepesi kama mtu anayetumwa chumvi dukani.

Mimi pia nilikodi baiskeli Njombe kwenda Ukinga. Unajua kwamba babu yako, baba wa mama yako, hajawahi kuitikia salamu yangu. Unalijua hilo kama unavyojua kwamba paa letu linavuja: umezaliwa ukalikuta. Hukuuliza lilianzaje, nami sikusema. Mmekua mkiamini kwamba baba yenu ana magoti mabovu, ndiyo maana mama yenu akienda kwao kila baada ya mavuno yeye hubaki Makambako. Magoti yangu ni mazima kabisa, Zakaria. Nimepasua mbao Matembwe kwa magoti haya.

Ngoja nianze na baiskeli zenyewe, maana hizo naziweza.

Ukifika kwa fundi anayezikodisha utazikuta zimeegemezwa ukutani, na ile iliyo mbele ndiyo anayotaka uichukue. Imefutwa mafuta, inang'aa, ina kengele. Ipite. Shika ile unayoifikiria, iinue kwa nyuma na uzungushe gurudumu, uangalie ringi inavyopita kati ya raba za breki. Ikigusa huku na kuacha kule, ringi imepinda, na breki yake itakushika nusu nusu. Zitazame raba zenyewe. Zikiwa zimelika mpaka chuma kinachungulia, usikubali maneno ya "hizi bado bado". Uvute mnyororo pale kwenye gurudumu la meno la mbele. Ukiinuka sana kutoka kwenye meno, umechoka, na mlimani utakukatikia mahali pasipo na mtu. Tairi ulibonyeze, kisha ulitazame kama nyuzi zimeanza kuonekana. Halafu panda, ukae, uone kama nyayo zako zinafika chini. Vijana mnapenda baiskeli ndefu ili muonekane mko juu. Mlimani utahitaji kutia mguu chini kwa ghafla, na mguu usiofika chini haukusaidii.

Uitake yenye breki mbili za namna mbili: moja ya mkononi, na moja ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Ile ya mkononi mvua ikinyesha huwa haina neno la kukuambia. Ile ya miguu hufanya kazi hata kwenye mvua, lakini mteremko ukiwa mrefu huchemka mpaka unasikia harufu ya grisi kuungua. Zikiwa mbili, moja inapumzika wakati nyingine inafanya kazi. Na usiijaribu pale uwanjani kwa fundi, ambako ardhi ni tambarare na kila baiskeli ni nzuri. Mwambie unakwenda nayo mpaka kwenye mteremko wa kushukia mtoni, urudi. Akikataa, nenda kwa mwingine.

Iwe nyepesi pia. Kule Ukinga, nusu ya njia utaipanda baiskeli na nusu ya njia baiskeli itakupanda wewe. Utaikokota, na mahali pengine utaibeba begani kama mbuzi aliyeshindwa safari.

Sasa nimeinuka tena kutazama mawingu. Mama yako ameniona kupitia mlango akatikisa kichwa. Naendelea.

Nilikuwa nimerudi kutoka Tanga, kwenye mkonge, kabla ya vita ile ya pili. Sisi tuliokwenda manamba tulirudi tukijiona Wazungu wadogo. Nilikuwa na viatu, kofia ya manyoya na shati lenye mifuko miwili, ingawa mfuko mmoja ungenitosha. Nilimwona mama yako sokoni Njombe akiuza vikapu vya mianzi pamoja na mama zake wadogo. Sitakuandikia tulisemezana nini, muulize yeye, atakudanganya vizuri. Ila tulielewana, mama yake, bibi yako, akapelekewa habari, na jibu likaja kwamba nipande nikajionyeshe kwa baba mtu.

Mtu mwingine angekwenda kwa miguu. Wakinga wenyewe walikuwa wakitembea kutoka kwao mpaka Njombe na mizigo kichwani, wakicheka njia nzima. Lakini mimi nilitaka niingie ukweni nimekalia kitu. Nikaenda kwa fundi. Palikuwa na baiskeli mbili za kukodi. Moja ilikuwa kuukuu, rangi imebanduka, fupi, keria yake imefungwa kwa waya. Ya pili ilikuwa ya kijani, ndefu, ina taa ya dainamo na kengele kubwa inayolia mara mbili kwa kidole kimoja. Fundi naye alikuwa mfanyabiashara. Aliniona ninavyoitazama ile ya kijani, akasema, "Hiyo ndiyo ya watu kama wewe, bwana." Sikuinua gurudumu. Sikutazama raba. Nilipiga kengele pale pale dukani, ikalia, nikaridhika. Yaani nilichagua baiskeli ya kwenda milimani kwa kusikiliza kengele yake.

Siku ya kwanza ilikwenda salama, nikalala kwa Mkristo mmoja njiani. Siku ya pili kukawa na ukungu na mvua ile nyepesi ya kule isiyoisha, na njia nyekundu ikawa na utelezi. Kijiji cha babu yako kiko bondeni, mbele ya Tandala. Kabla ya kukifikia kuna mteremko mrefu wenye kona, upande mmoja mianzi, upande mwingine korongo. Utautambua. Kila mtu hushuka pale akaikokota baiskeli yake, hata mchungaji hushuka. Mwenye mzigo hukata tawi kubwa la mti akalifunga nyuma ya keria, liburute chini na kupunguza mwendo. Matawi yenyewe niliyaona yametupwa pale chini ya mteremko, na nilijua ni ya nini. Lakini niliona moshi wa nyumba, nikasema moyoni, nikiikokota watasema kijana wa Tanga amekodi baiskeli ya kutembea nayo.

Nikaiachia. Kufika katikati nikabana breki ya nyuma, nisipate kitu, ilikuwa jina tu. Nikabana ya mbele. Ringi ilikuwa imelowa, ikapiga mlio mrefu na baiskeli haikupunguza hata kidogo. Nikatia mguu chini, na mguu haukufika.

Pale kwenye kona mzee mmoja alikuwa akipanda na mzigo wa mianzi begani.

Desturi unaijua, tulikufundisha kabla hujajua kuendesha. Ukikutana na mtu mzima njiani unashuka kwenye baiskeli, unavua kofia, unasalimia, unangoja aitikie, unamuuliza habari za nyumbani, ndipo unapanda tena. Ukimpita umekaa juu, umempita kama kisiki. Nami nilitaka kushuka, Mungu anajua, lakini haikuwezekana. Kwa ile hofu, nisije nikamuua, kidole changu kikafanya kitu pekee ambacho kwenye baiskeli ile kilikuwa kinafanya kazi. Nilimpigia kengele.

Mimi nilikuwa naomba anisamehe na aondoke njiani. Yeye alimsikia kijana mwenye kofia akimpigia kengele apishe, kama unavyofukuza mbuzi. Akaruka kando, mianzi ikamtoka ikaenda korongoni, akaketi kwenye matope. Nilipiga kelele, "Kamwene, baba!" lakini nilikwisha kumpita, na salamu ya kumrushia mtu kisogoni si salamu. Nikashuka hivyo hivyo mpaka chini, nikaingia ndani ya ua wa mianzi wa nyumba ya kwanza, na baiskeli juu yangu. Ndiyo nyumba niliyokuwa naiendea.

Walinitoa kwenye ua, wakanifuta, wakanipa maji. Walicheka, lakini kwa wema, nami nikacheka. Kisha mlangoni akaingia mzee mwenye matope mgongoni, mikono mitupu. Mama yako alininong'oneza, "Huyo ndiye baba." Nilipiga magoti. Nikasema, "Kamwene, baba." Aliitazama baiskeli, akanitazama mimi, akapita ndani. Jioni nilimsikia akimwambia bibi yako kwa sauti ya kutaka nisikie, "Wewe zungumza na mgeni wako. Mimi sijakutana naye."

Mpaka hapo, Zakaria, lilikuwa jambo la kuchekwa. Ajali tu. Nimekueleza breki kwa urefu ili usipate ajali, lakini sikukalia barua hii kwa sababu ya ajali.

Asubuhi bibi yako aliniita nyuma ya jiko. Mwanamke yule alikuwa na moyo mkunjufu, Mungu amweke pema. Akaniambia, "Mwanangu, mzee wangu namjua. Salamu iliyorukwa njiani haipokei nyumbani. Sasa hivi atapanda kwenda kuokota mianzi yake. Acha hiyo baiskeli hapa. Tangulia juu kwa miguu, halafu ushuke, mkutane pale pale. Vua kofia, msalimie, mchukulie mzigo mrudi wote. Itakwisha leo leo."

Ilikuwa rahisi hivyo. Kupanda mlima mmoja kwa miguu na kushuka. Lakini kijiji kizima kilikuwa na habari. Wanawake walikuwa wamekwisha kukaa nje na vikapu vyao wakijifanya wanasuka, wakisubiri kuona. Watoto wakaanza kuniita kwa mlio wa kengele, kringi kringi. Mimi niliyetoka Tanga, na kofia yangu, nirudie njia kama mtoto aliyetumwa na kusahau alichotumwa! Uso ulinichoma. Nikamwambia bibi yako kwamba baiskeli inangojwa Njombe, nimechelewa. Akasema, "Haya, mwanangu." Nikaikokota nikatokea kwa njia ya nyuma, ile ya kupitia mashambani, isiyogusa mteremko ule. Nilipofika juu nilimwona babu yako kwa mbali, amesimama kwenye kona na mianzi yake imefungwa tayari, hatembei. Alikuwa ananingoja. Mpaka leo hilo sijamwambia mama yako.

Hakukataa ndoa. Alisema, "Binti akimtaka, aende. Mahari apokee mjomba wake. Huyo kijana siku akinisalimia nitamwitikia." Nami nikasema, vizuri, siku akinihitaji ataniita. Ukaidi wa mabwana wawili, na katikati mama yako, akipanda peke yake kila mwaka na kushuka peke yake. Kila akirudi nilimuuliza kama mtu asiyejali, huku nikichonga mpini wa jembe, "Mzee ameniuliza?" Na kila mwaka alijibu vile vile, "Ameuliza, 'Bado ana haraka?'"

Nilikasirika kila mara. Na kila mara nilikuwa bado nina haraka. Niliacha shule ya misheni kwa sababu wenzangu walikuwa wanakwenda Tanga. Niliacha Matembwe, kwenye mbao na majirani wazuri, kwa sababu nilisikia Makambako magari yanapita na kutakuwa mji, nikauza ng'ombe wawili wa kulima kabla sijaona shamba ninalohamia. Umelima shamba lile, unajua mawe yake. Mama yako hakunilaumu, na afadhali angenilaumu.

Na wewe. Unakumbuka nilivyokufundisha baiskeli? Niliazima ile ya mwinjilisti, nikakushikilia nyuma pale kwenye njia ya kwenda kisimani, nikawa napiga kelele, "Kanyaga! Kanyaga! Usiogope, kanyaga!" Ulikanyaga kweli. Nilikuachia, ukaenda vizuri, nikapiga makofi, ndipo uligeuza kichwa ukaniuliza, "Baba, nasimamaje?" Sikuwa nimekuonyesha. Kovu la kidevuni mwako linatoka hapo. Wewe umekwisha kusahau, na wasichana wa kwaya, nimesikia, wanalipenda. Mimi kila ninapoliona linaniuma. Nilikuwa baba wa kusukuma. Ulipofaulu darasa nilikuuliza la mbele yake. Siku uliyoleta barua ya kupewa kazi ya ualimu, nilikuuliza kama baada ya hapo kuna ngazi nyingine, ukaikunja barua ukairudisha mfukoni. Ningepaswa kukuambia kwamba nimefurahi mpaka nilikwenda kusimama nyuma ya zizi nisionekane. Nakuambia sasa.

Kwa hiyo ulipotaja likizo, kukaa tu juu ya mlima na kutazama maji ya mbali, nusu yangu ilicheka na nusu yangu ilikuonea wivu. Mimi sijawahi kuliona ziwa lile. Watu husema siku ya anga safi linaonekana hadi ng'ambo. Nilifika karibu vile, nikageuza kurudisha baiskeli.

Sasa nikuambie kinachonizungusha leo. Juzi walipita wanawake wa vikapu kutoka kwa babu yako, wale waliolala kwetu, uliwaona. Walimwambia mama yako kwamba mzee hana nguvu tena. Macho yamefifia, kifua kinambana, mianzi hakati. Kila asubuhi wajukuu humshika mkono wakampandisha mpaka kwenye kona ya mteremko ule, wakamketisha kando ya njia. Wapitao humsalimia naye huwaitikia wote, mmoja mmoja, na kuwauliza habari za kwao, mpaka jua linapokuwa kali.

Usiku ule nilimwambia mama yako, "Unafikiri ananingoja mimi?"

Akasema, "Anaota jua. Pale ndipo linapoanza kufika. Usijipe ukubwa."

Huenda ni kweli. Lakini tangu hapo sikai nikatulia. Nashika jembe, naliacha. Namwona mzee pale kwenye jua akiitikia kila mtu, wauza chumvi, watoto wa shule, na mimi nikiwa hapa napima tairi za lori la mtu. Naogopa, mwanangu. Naogopa zitakuja habari siku moja, na nitakwenda mazikoni nikasimame mbele ya mtu ambaye sikuwahi kumsalimia ipasavyo, na mama yako akiwa kando yangu anajua.

Karatasi ya kwanza ya barua hii nimeichana. Nilikuwa nimeandika kwamba ukifika pale kwenye kona ushuke, uvue kofia, umsalimie babu yako, halafu useme, "Baba anakusalimu." Nikaona ni jambo zuri. Salamu hutumwa, kila siku tunazituma na wenye lori. Lakini nilipoisoma nikaona ninachofanya. Atakuitikia wewe kwa furaha, atakupapasa uso, atakuita baba yake, kama wazee wanavyowaita wajukuu. Na mimi nitakuwa nimepita tena njia ya nyuma, safari hii nikiwa nimekutanguliza wewe. Nikaichana.

Mama yako aliingia kutafuta kamba, akanikuta na vipande vile mkononi.

"Unaandika nini muda wote huo?"

"Namweleza habari za breki."

"Breki tangu jua likiwa juu?" Akanitazama vizuri. "Sema, Baba Zakaria."

Nikasema, "Nataka nipande naye. Kwa mzee."

Nilidhani atacheka. Nilikuwa tayari kwa kicheko, hata neno la kujibia nilikuwa nalo. Aliketi juu ya kinu akashika kamba ile mikononi bila kuifanya kitu. Akasema, "Umechelewa sana." Kisha machozi yakamtoka. Sijamwona akilia kwa jambo hili hata siku moja, miaka yote hiyo, nikadhani halimuumi. Akajifuta kwa kanga. "Lakini hajafa," akasema. "Nenda."

Kisha akaniuliza, kwa nini nisitoke nikuambie mwenyewe, uko hapo uani. Nikamwambia kwamba mbele yako nitaanza utani, na asubuhi nitapata sababu: magoti, shamba, mvua. Nikiandika na kuitia ndani ya sweta lako, na lori likiondoka nayo, sitaweza kuirudisha. Mama yako akasema hiyo ndiyo akili ya kwanza aliyoiona kwangu tangu tuoane, akatoka kukufungia mzigo. Ukimsikia sasa anaimba, ujue ndiyo sababu.

Lori la kesho lina nafasi moja tu juu ya magunia, nayo ni yako. Nenda kama tulivyopanga. Ukifika Njombe lala kwa shangazi yako, wala usilipie baiskeli siku hiyo. Nitakuja kwa lori linalofuata, na likikosekana nitatembea. Nenda kwa fundi, zikague zote kama nilivyokuandikia, uchague mbili. Yako iwe nzuri, unaenda mbali, mpaka kwenye ziwa lako. Yangu iwe kuukuu na fupi, nifike chini kwa miguu yote miwili.

Sijui ataniitikia. Pengine sauti yangu haijui, pengine amekwisha kulisahau jambo zima na ni mimi tu ninayelikumbuka. Nitamsalimia hata hivyo, nitasimama pale nikingoja kadiri atakavyotaka, na wewe utaniona nikingoja. Sikuwahi kukuonyesha jambo hilo.

Ukiisoma barua hii ukiwa umekwisha kuondoka Njombe, simama hapo ulipo, hata kama ni katikati ya mlima. Kaa kando ya njia. Nakuja nyuma yako.

Ni mimi,
Baba yako